Apdeti za mwezi wa tano, mashine 43 na mimi

Alhamisi ya tarehe 23 mwezi wa tano 2024 niliingia ofisini saa moja na nusu asubuhi, mapema kuliko kawaida yangu, nikafungua konso ya WSUS hata chai sijanywa, nikakuta nyekundu imetapakaa, yaani apdeti zimegoma kwenye mashine kibao. Nikafunga nikafungua tena, maana kuna siku konso yenyewe inachelewa kusoma. Wapi. Nyekundu ileile.

Kwa asiyejua, WSUS ni seva ya ndani inayovuta apdeti za Windows kutoka Microsoft mara moja tu, halafu mashine zote za ofisi zinachukua kwake, ili kila mashine isivute ya kwake na kummaliza bosi bando. Ofisi yetu ni ya kawaida tu hapa Dar, floo mbili, mashine 43 za Windows 10 kwa wakati ule, desktop 32 na laptop 11, na tuna kaofisi kadogo Morogoro kenye mashine 4 ambazo hazimo kwenye domeni (mfumo wa kusimamia mashine za ofisi kwa pamoja), zenyewe zinachukua apdeti moja kwa moja mtandaoni. IT ni mimi. Ukisikia "idara ya IT" kwenye kikao ujue ndo mimi na stuli yangu.

Mwezi ule ulishaanza kwa nuksi. Microsoft wanatoa apdeti kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwetu inakuwa saa mbili usiku, au saa tatu kwenye ile miezi wenzetu Marekani wamerudisha saa nyuma. Mwezi wa tano iliangukia tarehe 14. Sasa Jumapili ya tarehe 12 ndo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili, kama ulikuwa Tanzania siku zile unakumbuka intaneti ilivyokuwa inatambaa. Kwahiyo seva yangu ilikuwa inavuta mafaili ya apdeti kama mtu anayenywa uji wa moto. Ukiangalia unaona apdeti umeshaiidhinisha lakini mafaili hayajafika, na mafaili yasipofika seva haina cha kugawa. Nikasubiri mpaka Jumatatu ya tarehe 20 yakakamilika. Nikapanga zijiweke Jumatano saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wameshatoka, nikatuma meseji kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: jamani leo msizime mashine, fungeni skrini tu, hata wenye laptop ziacheni mezani kwenye chaja. Ikumbuke hiyo meseji.

Sasa asubuhi ile ya Alhamisi nilikuwa nimeshamhukumu mtuhumiwa kabla ya kumsikiliza. Mwezi wa kwanza mwaka huohuo Microsoft walitoa apdeti ya KB5034441 ambayo iligoma kwenye mashine kibao duniani kwa erro 0x80070643, na sababu ilikuwa kwao, ile patisheni ya kurekebishia Windows ilikuwa ndogo, apdeti inataka nafasi ya MB 250 humo ndani na mashine nyingi hazikuwa nayo, alafu maelezo ya erro hata hayasemi hivyo. Mimi ile kitu ilinilaza ofisini siku mbili. Kwahiyo nilipoona nyekundu nikasema aah, hawa tena.

Nikafanya kile ambacho kila fundi anafanya bila kufikiri. Unasimamisha sevisi ya wuauserv (inayosimamia apdeti) na ya bits (inayovuta mafaili), unabadilisha jina folda la C:\Windows\SoftwareDistribution liwe .old, unawasha sevisi, mashine inatengeneza folda jipya na kuanza upya. Hii dawa ni kama panadol, ukisema unaumwa kichwa unapewa, ukisema mgongo unapewa. Nikaandika skripti nikairusha kwenye mashine zote 43, hata zile zilizokuwa nzima, ili "nianze upya kwa usafi". Nikaenda zangu kunywa chai nikijiona mtaalamu.

Ijumaa asubuhi hakuna mashine hata moja iliyokuwa inaongea na seva. Hata zile laptop zilizokuwa za kijani jana yake. Zote 0x80244022.

Hiyo namba ukiisoma maana yake ni kwamba seva imejibu 503, yaani nipo lakini sina uwezo wa kukuhudumia. Nikaingia kwenye IIS ya seva, programu inayopokea maombi ya mashine, nikakuta WsusPool, sehemu yake inayohudumia WSUS, imesimama. Nikaiwasha, ikasimama tena baada ya dakika kumi. Na hapa ndo nikaelewa nilichofanya. Ukifuta lile folda, mashine inasahau kila kitu ilichokuwa inakijua, inabidi iulize seva orodha nzima ya apdeti kuanzia mwanzo. Mashine moja ikiuliza sawa. Mashine 43 zikiuliza kwa pamoja asubuhi moja, kwenye seva ambayo hiyo pool imewekewa kikomo cha memori KB 1,843,200 kama ilivyotoka kiwandani, yaani kama GB 1.8 hivi, ikifika hapo inajizima. Na orodha yenyewe ilikuwa kama dampo. Aliyekuwepo kabla yangu alitiki bidhaa zote na lugha zote, tulikuwa tunabeba apdeti za Microsoft Office 2003 na za Kijapani, na hakuna aliyewahi kufanya usafi wa zile zilizopitwa na wakati.

Kwahiyo tatizo la Ijumaa nilijitengenezea mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Wikiendi nzima nikakaa na seva. Kikomo cha memori nikaweka 0, maana yake hamna kikomo (ramu ninayo ya kutosha, kama huna weka namba kubwa tu lakini usiache ile), foleni ya pool nikapandisha kutoka 1000 hadi 2000, nikaondoa tiki za bidhaa tusizotumia, nikakataa apdeti zote zilizokwisha kubadilishwa na mpya zaidi, nikaendesha ile wizadi ya usafi ambayo ilichukua masaa mpaka nikalala kwenye kiti. Jumapili jioni mashine zilizokuwa zimewashwa zikaanza kujibu.

Jumatatu nikarudi kwenye hali ya Alhamisi, na safari hii nikasema sigusi kitu mpaka nimehesabu.

Nikahesabu mistari kwenye konso. 36. Nikahesabu mashine kwa kutembea, floo ya chini na ya juu, na karatasi na kalamu, mpaka dada wa mapokezi akauliza kama kuna mtu anafukuzwa kazi. 43. Sasa saba ziko wapi? Nikarudi kwenye konso nikakaa naangalia tu, narifreshi, naangalia. Kuna mstari mmoja ulikuwa unabadilika jina. Sasa hivi unaitwa mashine ya stoo, ukirifreshi baada ya muda unaitwa ya manunuzi, baadaye ya masijala. Hali yake nayo inabadilika, mara inahitaji apdeti tatu, mara nane.

Hapo nikajua. Zile saba na hiyo yenye mstari ni desktop nane zilizonunuliwa pamoja, na aliyeziweka aliandaa moja vizuri kabisa akaikopi kwenye nyingine saba bila kupitisha sysprep, programu ya kufuta vitambulisho vya mashine ya kwanza kabla ya kukopi. Kwenye rejistri, daftari la mipangilio ya Windows, chini ya WindowsUpdate, kila mashine ina kitambulisho kinaitwa SusClientId, na nane zote zilikuwa na kimoja. Seva inadhani ni mtu mmoja anayebadilisha nguo. Dawa yake fupi, unasimamisha wuauserv, unafuta SusClientId na SusClientIdValidation, unawasha sevisi, unaiacha itafute apdeti, inajipatia kitambulisho chake. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Jioni konso ikasoma 43 na mimi nikapumua kidogo.

Ila hizo nane hazikuwa jibu la desktop nyingine 20 zilizogoma.

Picha ilikuwa hivi. Laptop zote 11 zimeweka apdeti vizuri tangu Jumatano ile. Desktop nne nazo vizuri. Desktop 20 zimegoma, na hizo nane za kitambulisho kimoja ambazo sasa zinaonekana, nazo zimegoma. Nikajiuliza zile nne zina nini. Nikaangalia, ni zile ambazo mwaka jana yake nilizibadilishia diski nikaweka SSD, diski za kasi zisizozunguka. Zilizogoma zote zina diski za zamani za kuzunguka.

Ukiniuliza pale ningekula kiapo kwamba tatizo ni diski. Mashine zenye diski mpya zimepona, zenye diski kuukuu zimekufa, unataka ushahidi gani tena? Nikaanza hata kuandika barua kwa bosi ya kuomba SSD 28, nikaweka na bei. Kilichonizuia kuituma ni kwamba hizo diski kuukuu zilikuwa kuukuu hivyohivyo mwezi wa nne na apdeti za mwezi wa nne ziliingia zote bila shida.

Nikachukua mashine moja iliyogoma, ya dada wa uhasibu, nikamwomba aende akanywe chai, nikafungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows. Kwenye logi ya System, nikaweka kichujio cha namba mbili tu, 41 na 6008. Namba 41 inaandikwa mashine ikiwaka baada ya kuzimika bila kuzimwa. 6008 ndo tamu zaidi maana inakutajia saa ambayo mashine ilizimika ghafla. Na hapo nikaona: tarehe 22, saa 18:46. Nikasema ok, siku ya apdeti, umeme ulikatika, ndo Dar. Nikashuka chini. Tarehe 17, saa 18:49. Tarehe 13, saa 18:44. Tarehe 9, 18:51. Nikaenda mashine ya pili, ya kijana wa mauzo ambaye hazimagi mashine hata umwambie vipi. Yake ilikuwa na 6008 karibu kila siku ya kazi tangu mwanzo wa mwezi wa tano, zote kati ya kumi na mbili na dakika arobaini na saa moja kasoro kidogo jioni. Kabla ya mwezi wa tano, hamna hata moja.

Umeme wa kukatika hauna ratiba nzuri namna hiyo. Na seva ilikuwa haijaguswa, wala swichi za mtandao.

Basi Jumanne jioni nikabaki. Nikazima taa ya kwenye meza yangu nikakaa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano nikasikia viatu kwenye ngazi, akatokea mzee wa getini na tochi yake, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiboksi cha umeme cha korido, akafungua, na kwa utaratibu kabisa kama mtu anayezima mishumaa, akashusha breka moja moja. Floo nzima ikaenda giza.

"Shikamoo mzee."

Akaruka. "Marahaba. Ah, kijana, kumbe upo! Mbona unakaa gizani?"

Nikamuuliza kwa upole anafanya nini. Akanieleza bila wasiwasi, maana hakuwa na kosa lolote. Mwanzo wa mwezi afisa utawala alimwambia LUKU inaisha haraka mno, watu wanaacha mafeni na mashine usiku kucha, kwahiyo akifunga ofisi azime umeme wa vyumba vyote. Na anafanya kila siku, hajawahi kukosa. Nikamuuliza mbona chumba cha seva hazimi.

"Ile ina karatasi yako nyekundu umeandika USIZIME. Mimi sijawahi kuigusa hata siku moja."

Nilikosa la kusema, maana ile karatasi kweli niliibandika mimi.

Sasa unganisha. Apdeti inaanza saa kumi na mbili jioni. Mashine yenye SSD inamaliza kila kitu na kuwaka upya ndani ya nusu saa, mzee anapopita yeye keshamaliza. Laptop hata umeme ukienda ina betri. Desktop yenye diski ya kuzunguka saa 18:46 iko katikati kabisa, imefika ile hatua ya "usizime kompyuta yako", na inazimwa. Asubuhi yuza akiwasha inahangaika kurudisha mabadiliko nyuma, kwenye konso inaandika imeshindwa. Na ambaye aliwaambia watu wasizime mashine siku hiyo ili zikutwe zimewaka ni nani? Ni mimi, kwenye WhatsApp, na nikaweka na emoji ya kushukuru. Laiti wangezima kama kawaida yao apdeti isingeanza kabisa na nisingekuwa na mashine zilizokatwa katikati.

Maana zile 28, nyingi nilipoziachia siku iliyofuata mchana umeme ukiwepo ziliweka apdeti zenyewe bila dawa yoyote. Tano zilikuwa zimeumia kweli. Hizi zilikuwa zinatoa 0x80073712, ambayo ni Windows kusema ghala langu la vipuri limeharibika. Dawa ni DISM, amri ya Windows ya kujitengeneza, pamoja na RestoreHealth, na hapa kuna mtego ambao ulinipotezea nusu siku zamani kwahiyo nauandika. Kwenye mtandao wenye WSUS, DISM ikienda kutafuta vipuri inaweza kuelekezwa kwenye seva yako ya ndani, na seva yako haina hivyo vipuri, ina apdeti tu. Inarudi na 0x800F081F, haijapata chanzo, na wewe unadhani mashine imekufa unaanza kuipiga Windows upya. Chukua faili la usakinishaji la Windows la toleo lilelile, lifungue, uielekeze mwenyewe:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:D:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Hiyo 6 usiikopi kichwakichwa, ni namba ya toleo ndani ya faili, yako inaweza kuwa nyingine, angalia kwanza kwa dism /Get-WimInfo. Na /LimitAccess ndo inaikataza isiende kuuliza seva. Ikimaliza unapiga sfc /scannow ikague mafaili ya Windows, unawasha upya, unajaribu apdeti tena. Zote tano zilipona.

Katikati ya hayo yote Morogoro nao wakanipigia, mashine yao moja inakataa apdeti, wakanitumia picha ya skrini WhatsApp imepigwa kwa mshazari na kidole kimo. Erro 0x80072F8F. Nikaangalia kona ya chini kulia ya picha, mwaka ulikuwa 2015. Betri ya CR2032 kwenye ubao imekufa, umeme ukikatika mashine inarudi ujanani, na ikiwa 2015 inaona vyeti vya usalama vya Microsoft ni vya wakati ujao, inavikataa. Unaweza kusema si itarekebisha saa yenyewe mtandaoni? Mashine isiyo kwenye domeni, kama saa imepotea zaidi ya masaa 15, Windows kwa mpangilio wake wa kawaida inagoma kuirekebisha, inaona pengo ni kubwa mno la kuamini. Nikawaambia waweke tarehe kwa mkono, wanunue betri, bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Kesho yake imepona. Ndo tatizo pekee la mwezi ule ambalo lilikuwa na namba inayosema ukweli mara ya kwanza.

Tulikuja kukaa mimi, afisa utawala na mzee. Afisa utawala alianza kwa kuuliza kwani hizo apdeti lazima? Nikamwambia ile WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani, ya tarehe 12 mwezi wa tano 2017, kiraka chake Microsoft walikitoa tarehe 14 mwezi wa tatu, karibu miezi miwili kabla, waliolia ni ambao hawakuwa wameweka. Akanyamaza, akauliza LUKU itaongezeka kiasi gani. Tukakubaliana usiku mmoja tu kwa mwezi. Mzee akachomoa kalamu mfukoni akaenda kwenye ile kalenda ya ukutani getini, akaniuliza ni tarehe ngapi, nikamwambia mwezi wa sita ni Alhamisi tarehe 13, akaizungushia duara na kuandika KOMPYUTA. Akataka na mwezi wa saba hapohapo.

Tarehe 13 jioni akanipigia simu nikiwa kwenye daladala. "Mwanangu, leo si ndo ile siku yako? Siwagusi."

Ijumaa asubuhi, 42 kati ya 43. Iliyobaki ilikuwa ya dada wa uhasibu, 0x80070070, diski imejaa. Nikafungua nikakuta video ya sendoff ya mdogo wake, GB 61, imekopiwa mara mbili. Moja nimefuta kwa ruhusa yake, nyingine nimemwambia aje na flashi.

Barua ya SSD 28 bado ninayo kwenye drafti.